Mshale Kwenye Helmeti ya Nurdin

Kijiwe chetu kipo Kariakoo, Mtaa wa Swahili, ubavuni mwa duka la spea la Polycarp, Mchaga wetu tunayemwita Mangi. Kuna benchi la mbao, birika la kahawa la Mzee Zahoro juu ya mkaa, sahani ya kashata, na cherehani yangu ninayoshonea viti vya pikipiki. Bodaboda wanapaki mbele yetu. Wiki nyingi pikipiki ya Nurdin, mmoja wao, ilikuwa imeegemea ukuta, inang'aa kwa kufutwa, haijawashwa. Alipata ajali makutano ya Msimbazi na Uhuru. Simu ilikuwa kwenye usukani inamwonyesha ramani, akainamisha macho kuisoma, kuyainua akakuta mkokoteni wa mahindi. Abiria wake aliangukia magunia, akatoka salama. Nurdin akavunjika mtulinga. Mfupa ulishaunga zamani, lakini bado alikuwa anakuja kila asubuhi, anafuta chombo, anakaa na sisi. Hatukumuuliza kitu.

Siku hiyo alikuja na helmeti mapajani. Ndani yake, usawa wa jicho la kulia, kulikuwa na kipande cha kioo kidogo kama ukucha wa dole gumba.

– Shikamoo Mzee Zahoro.

– Marahaba mwanangu. Hicho nini tena?

– Kanipa dada yangu Hajira. Si unajua anauza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey? Simu inakaa mfukoni, hiki kioo kinakuonyesha mshale, kata kushoto, kata kulia. Na spidi. Unaona huku macho yako barabarani.

– Na yeye kasemaje? nikamuuliza.

– Kasema, "Kaka, ukikataa kupanda sikulazimishi. Ila ukipanda, usiiname tena."

Aliyedakia ni Beno, mchukuzi wa mizigo tunayemwita Hakimu, maana hakuna kesi asiyoitolea hukumu.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema.

– Hakimu, mimi nilivunjika mtulinga.

– Basi hiyo haikuhusu. Chukua hii: haba na haba hujaza kibaba. Leo umeangalia mshale kidogo, kesho spidi kidogo, keshokutwa umejaa kwenye lori.

Mangi akatoka dukani na kitambaa cha grisi begani.

– Muacheni kijana. Mimi nasema kitu ni safi. Ukiinama kusoma simu, pikipiki haikusubiri umalize. Unainama uko kwa muuza vitenge, unainuka uko kwa muuza ndoo. Hapo katikati nani alikuwa anaendesha?

– Malaika, akasema Mzee Zahoro.

– Na malaika naye anachoka! Sasa hiki kinakuondolea kuinama.

– Kinakuondolea kuinama, sawa, akasema Hakimu. Na mawazo je? Macho hayana pazia, ila akili inalo. Unaweza kumwangalia mtu usoni na usimwone. Mke wangu ananiambia hivyo kila siku.

Hata Nurdin akacheka. Hakimu akaona kapata uwanja.

– Halafu sikia. Huo mshale ukiuzoea utaingia kwenye jicho. Usiku umelala, mshale unakwambia kata kushoto. Unakata. Unajikuta sakafuni na chandarua.

– Acha hizo, akasema Mangi. Mimi naogopa matangazo. Uko mzunguko wa Kariakoo, kioo kinakuletea tangazo la godoro. Godoro limeziba daladala yote!

– Na trafiki je? akasema Hakimu. Hakuna kupiga mkono tena. Anakutumia picha yake jichoni, kasimama na makunyanzi.

– Na mama mkwe, akasema Mzee Zahoro akimimina kahawa. Akipiga simu anakutokea jichoni, huwezi kusema hukuona.

Nurdin alikuwa anageuzageuza helmeti. Halafu akasema taratibu, kama anaongea nayo:

– Siyo kioo kinachonisumbua. Nikishika usukani nasikia yale magunia.

Mangi alifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Mimi nikakanyaga cherehani, ingawa uzi ulikuwa umekatika.

Ndipo akaja dada mmoja amebeba boksi la keki kwa mikono miwili, kama anayebeba mtoto aliyelala.

– Shikamoo baba. Mambo zenu, wakaka?

– Marahaba mwanangu, akasema Mzee Zahoro.

– Naitwa Josepha, nimetoka hapo mtaa wa pili. Naipeleka hii Buguruni kwenye kipaimara, watu wananisubiri. Nina swali moja tu. Kati yenu nani hajawahi kuanguka?

Bodaboda waliokuwa wamepaki wakaanza kuangalia matairi yao. Mmoja akapokea simu ambayo haikulia. Hakimu akafungua kinywa, "Wahenga walisema," halafu akakifunga.

– Dada, akasema Nurdin, huyo hapa humpati. Hata mimi nilianguka. Nilikuwa naangalia simu.

Josepha akamtazama.

– Na sasa unaangalia nini?

Nurdin akampa helmeti. Akaweka boksi benchini, akachungulia.

– Kumbe kamshale kenyewe kadogo! Kanasaidia?

– Sijui. Sijawahi kukajaribu. Tangu siku ile sijapanda.

Nilijua ataondoka. Mimi ningeondoka. Josepha akachukua boksi lake.

– Kuna keki yangu ilishamwagwa Ilala, nyingine ikamwagwa Keko. Wote wawili waliniapia hawajawahi kuanguka hata siku moja. Twende.

Nurdin hakuinuka mara moja. Alitutazama, mmoja mmoja. Halafu akainuka. Mangi alikimbia dukani akarudi na helmeti mpya ya abiria, bado ina nailoni.

– Mvalishe dada. Utanirudishia.

Pikipiki ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Wakaondoka polepole hadi muuza maji wa mkokoteni akawapita.

Hatukubishana tena. Kila pikipiki ikikata kona tulikuwa tunageuza shingo. Mzee Zahoro aliongeza mkaa ambao haukuhitajika.

Alirudi peke yake. Shati lote lilikuwa limelowa jasho, na helmeti ya Mangi alikuwa ameining'iniza mkononi.

– Keki? akauliza Hakimu.

– Imefika. Hata ua la juu halikuinama.

– Na kioo?

Nurdin akavua helmeti.

– Pale Msimbazi na Uhuru macho yangu yalishuka yenyewe. Mazoea. Yakakuta usukani mtupu, yakapanda juu. Mbele yangu kulikuwa na mama anavuka na beseni. Nikasimama, akapita. Mbele zaidi jua likapiga kioo, mshale ukapotea. Dada akanielekeza kwa kunigusa bega.

– Kwa hiyo kinafaa au hakifai? Mangi akamkazia. Sema moja.

– Kinafaa kikikaa pembeni na mimi nikakisahau, Mangi. Nikianza kukiangalia, basi ni simu ileile, imehamia usoni.

Hakimu akainua kidole kutoa hukumu, lakini kutoka ng'ambo ya mtaa mtu akapiga mluzi.

– Oya, boda! Kivukoni!

Bodaboda wawili wakawahi kugeuka. Nurdin alikuwa ameshavaa helmeti na kuwasha pikipiki. Mzee Zahoro alikuwa amemmiminia kikombe, akakiweka kwenye nafasi yake benchini, na mpaka kahawa ile inapoa hakuna kati yetu aliyekaa hapo.