Kasiani Mhagama, Dereva Aliyebadili Kauli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Kasiani Mhagama, msimamizi wa magari wa kampuni yetu ya kusambaza dawa hapa Chang'ombe, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kama dereva wa pikapu, na pikapu hiyo aliipenda waziwazi. Haikuwa na kompyuta wala mifuko ya hewa. Ikigoma, aliifungua kwa spana na safari ikaendelea. Magari mapya yalipoletwa, aliyaita "simu zenye matairi." Mwaka ule wa mvua kubwa, moja lilizimika majini Mabibo likiwa na dawa za hospitali. Pikapu ndiyo iliyokwenda kulivuta. Wiki nzima Mzee alitembea kifua mbele.

Kisha ikaja ajali ya Barabara ya Mandela. Pikapu ilikuwa gereji, hivyo aliendesha gari jipya, na abiria wake nilikuwa mie, Hamisa wa uhasibu, mjamzito wa miezi saba. Lori lililofeli breki lilihamia upande wetu. Mzee alikanyaga breki, akakata usukani, lakini lilitupata kwa mbele. Boneti ilikunjika yote. Mikanda ikatubana, mifuko ya hewa ikafyatuka. Tulishuka kwa miguu yetu wenyewe. Mzee hakuliangalia gari.

"Hamisa, mwanangu, mtoto anacheza?" aliniuliza.

Nilipomjibu kwamba anacheza, aliketi chini akalia.

Jumatatu aliwaita madereva wote. "Nilikuwa nawaambia gari gumu ndilo salama," alisema. "Nilikosea. Gari lisipokunjika, anayekunjika ni mtu."

Tangu hapo pikapu inahamisha maboksi ndani ya uzio tu. Mzee hakuwasha tena gari kabla abiria wa nyuma hajafunga mkanda, hata akiwa mkurugenzi, ambaye siku moja alikaidi mpaka akachelewa kikao. Wala hakuyasujudia magari mapya: alibishana na uongozi hadi mafundi wetu wakapelekwa kusomea mifumo yake, kwa sababu taa ya tahadhari isiyo na fundi wa kuielewa, alisema, ni urembo.

Kukiri kosa mbele ya vijana uliowafundisha mwenyewe si jambo dogo. Alilifanya kwa kuwa uhai wetu aliuthamini kuliko kauli yake.

Mwanangu Suhaib alizaliwa salama, na sasa anakimbia. Asante, Mzee Kasiani. Tunakuombea afya na mapumziko matamu nyumbani kwako Temeke. Mikanda tutafunga, hata usipokuwepo kutukaripia.