Mzee Uwesu na Kitanda Kilichovunjika

Mzee Uwesu Sabiri anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana yetu ya samani hapa Isevya. Ningependa kuandika kwamba anaondoka kwa furaha. Si kweli, na yeye mwenyewe hapendi kusemewa uongo.

Alikuja akiwa kijana wa Mtendeni, mtoto wa fundi milango. Enzi hizo mshahara ulitosha: mtu alisomesha watoto, na Idi ilipofika alivaa kanzu mpya. Hakuna aliyelipua kazi. Mbao za mninga ziliachwa mpaka zikauke kweli, na viungo vilichongwa vikaingiana bila msumari. Mteja alipokuja kuchukua kitanda, Mzee Uwesu alimwambia akirukie. Mchungaji mmoja wa Moraviani, mtu wa mwili hasa, alikirukia, akacheka, akaagiza kingine.

Kisha uongozi ukabadilika. Mshahara wa mwezi ukafutwa, tukawa tunalipwa kwa kila kitanda, tena malipo madogo kiasi kwamba aliyefanya kazi kwa uangalifu alilala njaa. Tukaanza kutumia mbao mbichi na misumari. Vedasto Masolwa, aliyetushinda wote kwa randa, akaenda kuchoma mkaa. Mzee Uwesu alibaki, kwa sababu mkewe, Bi Hafsa, alikuwa akiugua figo na dawa zilihitajika. Wateja hakuwaambia tena warukie vitanda.

Mwaka juzi kitanda chetu kilivunjika katika zahanati moja ya kijijini, mama aitwaye Kabula akiwa juu yake kwa uchungu wa kujifungua. Mtoto alipona. Kabula alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa gongo.

Kitanda kile alikitengeneza Mzee Uwesu. Alikwenda kumwomba radhi, nami nikamsindikiza. Kabula alimwamkia, kisha akamuuliza taratibu, "Baba, kwani kazi ulikuwa huijui?"

"Naijua, mwanangu," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Kesho yake aliweka randa yake mezani kwa meneja. "Nilipe kama fundi, nifanye kazi ya fundi. Hii ya kukimbizana basi." Nasi tukaweka zetu. Karakana ilifungwa kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo Bi Hafsa akafariki. Mshahara wa mwezi uliporudi, Mzee Uwesu alikuwa bado yuko matangani.

Leo mbao zinakauka tena ipasavyo. Vedasto hakurudi. Juzi, akikusanya patasi zake, Mzee Uwesu alituonyesha vidole vyake. "Kazi nzuri nimeirudia mikono ikitetemeka," akasema, akafunga mfuko.

Mzee wetu, shikamoo, na asante. Mshahara tunaoupokea sasa umetugharimu wote, lakini wewe zaidi. Mungu akupe siha, na nyumba yako ya Mtendeni isikose wa kubisha hodi.

Anselm Bundala, kwa niaba ya mafundi wenzako