Mahfoudh bin Thabit, Aliyewasimamisha Wenzake

Maneno haya yanasomwa na Ghanim, mpwa wa marehemu, siku ya tatu ya matanga hapa Matrah, Omani. Aliyeyataka ni mamake, Bi Mahbuba, ndugu wa marehemu tumbo moja, na amesisitiza yasitiwe sukari.

Marehemu Mahfoudh bin Thabit alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1915. Alihitimu Kurani chuoni, akasoma skuli mpaka darasa la sita, kisha akashika duka la nguo la babake. Mkono wake haukuwa mzito: ukinunua yadi tatu za bafta, hukukosa shubiri ya bure. Mwaka 1938 alimwoa Bi Kheiria. Hawakujaaliwa mtoto.

Chama cha siasa kilipoanza kwetu Pemba, duka likawa afisi isiyo na kibao. Magari ya mikutano, kahawa, hata nani agombee wapi, yote yalipangwa nyuma ya majora ya nguo. Lakini jukwaani hakupanda hata siku moja. Ikipigwa picha, huinama akajifanya anatafuta kiatu, mpaka wenzake wakimtania: "Mahfoudh, kiatu hakijaonekana tu?"

Mwaka 1963 alimwendea shemeji yake, Mwalimu Harub, mume wa Mahbuba, akamtaka agombee kiti uchaguzini.

"Mimi na siasa wapi na wapi?" Harub alimjibu. "Niache na wanafunzi wangu."

"Wewe simama tu. Mambo yote nnayo mimi."

Alimng'ang'ania mpaka Harub akasimama. Januari 1964 serikali ikapinduliwa, na waliotafutwa ni wale waliojulikana sura. Harub alichukuliwa mbele ya wanawe, hakurudi. Mahfoudh hakuulizwa na mtu.

Mwaka huohuo aliihamishia familia Muscat, akafungua kiduka hapa Matrah, akawalea Ghanim na dadake Nasriya kama wanawe. Haki yake hiyo asinyimwe. Lakini barazani kwake, watu waliohama naye walikuwa wakisema Harub aliponzwa na uroho wa cheo. Yeye akiwamiminia kahawa. Mahbuba akiyasikia yote nyuma ya pazia, na yakimchoma. Kwa miaka sita alimwomba jambo moja: "Kaka, waambie ni wewe uliyemtia siasani."

"Si wakati wake huu, Mahbuba."

Utawala ulipobadilika hapa Julai 1970, siasa ikampanda tena kichwani. Alitaka Ghanim, aliyekwisha kuwa kijana mkubwa, awe msemaji wa waliotoka Zanzibar. "Simama wewe, mjomba wako nipo nyuma."

Mahbuba alitoka nje ya pazia, wageni wamekaa. "Na babake ulikuwa nyuma yake. Huyu humpati."

Septemba moyo ulianza kumsumbua. Siku za mwisho alimshika nduguye mkono, akamwambia, "Nisemee wewe." Alifariki Jumatano, 14 Oktoba 1970. Mahbuba alilia kwa msiba na kwa hasira, maana hata hili kaka yake alitaka mtu mwengine alisimamie.

Basi na lisemwe: Harub hakutaka cheo. Alisimamishwa, na aliyemsimamisha ni Mahfoudh.

Marehemu ameacha mjane, Bi Kheiria, aliyeko edani. Ndugu yake, Bi Mahbuba. Na wapwa wawili, Ghanim na Nasriya. Mwenyezi Mungu amsamehe. Mahbuba bado hajaweza.