Mtakatifu Wetu wa Mwazye

Asikudanganye mtu kwamba nchi hii yote ni ya joto. Njoo Sumbawanga mwezi wa saba, asubuhi, upepo unapotoka huko uwandani, ndipo utajua kwa nini benchi la Abdillah halikosi watu. Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya duka la vipuri la ukoo wao, jirani na zinapopakia gari za Matai na Mwazye. Abdillah anauza kahawa na kashata. Maneno ni bure. Jumamosi hiyo walikuwepo wenye benchi lao: Zephania, ambaye kila mtu anamwita Kasesya kwa sababu amezeekea kwenye malori ya mpakani Kasesya, Luciana muuza unga wa ulezi, ambaye hukaa pembeni kabisa ili asipitwe na mteja wala na umbea, na Flavian, fundi seremala, mwenyekiti wa jumuiya, aitwaye Askofu.

Jina hilo la Askofu alijipa mwenyewe, tuseme ukweli. Somo wake, yaani yule mtakatifu aliyebatizwa kwa jina lake, alikuwa askofu wa zamani huko Antiokia, na ukikaa na Flavian lazima akueleze habari zake, utake usitake. Watu wa mji ule walimkasirisha mfalme, mfalme akataka kuwashikisha adabu, na yule mzee, pamoja na uzee wake, akaondoka kwenye baridi kali kwenda kuwaombea msamaha. Akaupata. Akifika hapo Flavian hunyoosha mgongo utadhani walisafiri pamoja. Lakini asubuhi hiyo alikuja na jambo lingine, na alikuwa amevaa lile koti lake la sikukuu.

— Kesho baada ya misa ya pili nasimama halmashauri ya walei, alisema. Mbele ya paroko na wazee wote. Nataka na sisi Ufipa tuwe na mtakatifu wetu.

Kasesya alishusha kikombe.

— Kwani hao mlio nao hawatoshi? Ninyi Wakatoliki mna watakatifu wengi kuliko bodaboda za mji huu.

Kasesya ni Mmoraviani, lakini mambo ya Wakatoliki huyafuatilia kama mpira.

— Hao wote wa kwa watu, alisema Flavian. Angalia majina yetu. Popote utakapokwenda, ukisikia mtu anaitwa Krisanti, Polikarpi, Desideri, muulize kwao ni wapi. Atakwambia Ufipa. Padri alikuwa anafungua kalenda, mtakatifu wa siku uliyozaliwa ndiye huyo huyo, hakuna kuchagua. Tumeyabeba majina ya watu kwa heshima zote, na wala hatulalamiki. Sasa nataka siku moja mtoto wa Ulaya abatizwe jina la mtu wa kwetu.

— Na huyo mtu wa kwetu ni nani? aliuliza Luciana.

— Mwalimu Yusto. Katekista wetu wa Mwazye.

Luciana, ambaye naye amezaliwa Mwazye, aliacha kufunga mifuko yake ya unga. Flavian aliliona hilo akavimba kwa raha.

— Wenzetu walifundishwa katekisimu kwa fimbo, aliendelea. Mwalimu Yusto alitupa kazi. Kila mtoto anasimuliwa maisha ya somo wake, halafu anachaguliwa jambo moja katika yale aliyofanya somo, anaambiwa nenda na wewe kalifanye. Luciana, wewe ulipewa nini?

— Mimi alinisimulia habari za somo wangu Lusia. Kwamba aliwapelekea chakula waliojificha gizani, taa ameifunga kichwani ili mikono yote ibebe. Basi nikatumwa kumpelekea uji bibi mmoja kipofu. Siku za mwanzo nilikuwa nalia njiani. Baadaye nikawa nalia nisipotumwa.

— Umeona. Na mimi nilipewa ya kwangu.

— Ipi? alidakia Kasesya.

— Tusipoteze muda na mimi. Kinachotakiwa ni ushuhuda wa waliomfahamu, na muujiza. Nikienda bila muujiza, paroko atanisikiliza kwa heshima zote halafu atafunga kikao kwa sala. Na mji mzima nimeshawaambia nasimama. Nikiondoka pale mikono mitupu, kuanzia kesho mimi si Askofu tena, ni kichekesho cha parokia.

— Kama ni muujiza, umefika penyewe, alisema Kasesya. Huyo mzee habari zake tunazijua sisi wa barabarani. Alikuwa anashuka mteremko wa Kalambo na baiskeli, breki zikakatika. Mtu mwingine angepiga yowe. Yeye akaanza Litania ya Watakatifu. Petro, baiskeli inakimbia. Paulo, inakimbia. Kufika kwa Laurenti, ikasimama yenyewe, tuli.

— Kwa nini Laurenti? aliuliza Luciana.

— Kamuulize Laurenti.

— Wewe ulikuwepo?

— Aliyenihadithia alikuwepo.

Flavian aliirudia hadithi ile kichwani, akijiona amesimama mbele ya paroko, mkono mmoja kwenye koti. Ilisikika vizuri.

Abdillah, aliyekuwa akipepea mkaa chini ya birika, alikohoa kidogo.

— Mimi nina ya marehemu baba. Lori lake lilizama kwenye matope wakati wa masika, njia ya Mwazye, limejaa chumvi na vitenge. Baba akakaa pale na mvua yake, amekata tamaa. Mara Mwalimu Yusto akatokea, akaomba dua yao, lori likatoka. Baba alisimulia jambo hilo mpaka anaondoka duniani.

— Alilinyanyua kwa mkono mmoja, alisema Kasesya. Mwingine ulishika rozari.

— Baba hakusema hivyo.

— Baba yako alikuwa mfanyabiashara, asingetaka kutisha wateja.

Flavian alilijua sana lori lile. Alikuwa mmoja wa watoto wa mafundisho waliolisukuma, matope hadi kiunoni, Mwalimu Yusto akiwapigia wimbo kwa nyuma ili wasukume kwa pamoja. Badala ya kuyasema hayo aliomba kikombe kingine. Muujiza ni muujiza, alijisemea, na halmashauri ni kesho.

— Mimi ninayo moja, alisema Luciana, ila si ya kutisha. Bibi yangu alibaki peke yake, watoto wote wametawanyika. Kila Jumamosi akifungua mlango asubuhi anakuta mzigo wa kuni. Mwalimu Yusto alikuwa anapita kwa wazee wote waliobaki peke yao kabla hajaja kutufundisha. Hakukosa hata masika. Bibi alikuwa anasema, kwangu mimi kuni zinaota mlangoni.

— Zilijiwasha zenyewe? aliuliza Kasesya.

— Hazikujiwasha.

— Basi tuseme zilikuwa haziishi.

— Ziliisha, Kasesya. Ndiyo maana alileta nyingine.

— Hiyo paroko hawezi kuielewa, alisema Kasesya, na hapo hapo akahamia Kipili, ambako Mwalimu Yusto alikuwa amelituliza Ziwa Tanganyika kwa kulikemea kwa Kifipa.

— Kwa Kifipa?

— Sasa ziwa la huku Kilatini limejulia wapi?

Flavian alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kidoleni. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu anayemsifia mzazi wake mbele za watu. Mikono yake hii, alifikiri, imewahi kushikwa na mikono ya mtakatifu ikifundishwa kufanya ishara ya msalaba. Wangapi Tanzania hii wanaweza kusema hivyo?

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni, Sadick, binamu yake Abdillah kutoka Mpanda, anangoja Noah ya abiria ya Matai na Mwazye ijae, ashukie Matai kutazama mashine ya kukoboa. Muda wote alisikiliza tu. Sasa alivua kofia yake ya sufu akaishika magotini, kwa adabu.

— Poleni sana, ndugu zangu. Kwa mnavyosema, mlipotelewa na mtu mkubwa. Alifariki lini?

Flavian alimgeukia Luciana. Luciana alimtazama Kasesya. Kasesya alimnyooshea Abdillah kikombe kitupu amjazie.

— Ni zamani kidogo, alisema Flavian.

— Zamani ya lini? Masika au kiangazi?

— Luciana atakuwa anajua. Yeye ana kaka yake kule.

— Mimi nilijua wewe ulienda kuzika, Askofu. Si ulikuwa mwanafunzi wake?

— Nisingeacha kwenda kama ningesikia. Kasesya ndiye aliyesema.

— Mimi nilisema amelala, alisema Kasesya taratibu. Mwaka ule nilipita Mwazye na lori, wakaniambia mzee anaumwa, amelala. Mimi nikaja nikasema hivyo hivyo, hapa hapa.

— Basi sisi tukamwita marehemu kwa hiyo? aliuliza Luciana.

— Tulikuwa tunamsifia sana, alisema Abdillah. Na sisi mtu tukimsifia hivyo, huwa tumetoka kumzika.

Luciana alishatoa simu. Aliweka sauti ya wazi, na ikaita mpaka ikakaribia kukata, ndipo kaka yake Amos akapokea, nyuma yake kuku wanalia.

— Amos, shikamoo. Nisikilize. Mwalimu Yusto, yule katekista, alifariki lini?

— Afariki mara ngapi? Si huyu hapa ninaye, anachambua maharage juani.

— Mbona hujawahi kuniambia?

— Hujawahi kuniuliza. Ukinipigia ni bei ya ulezi tu.

— Na nani anamwangalia?

— Yupo peke yake tangu mkewe alipofariki. Kuni namletea mimi nikipata nafasi. Haya, ngoja nimpe.

Neno lile la kuni lilimpata Flavian mahali pabaya. Alivuta koti la sikukuu, akaona aibu nalo, na kabla hajajua aseme nini sauti ikaja kwenye simu, nyembamba lakini haitetemeki.

— Nani huyo?

— Shikamoo, mwalimu. Ni Flavian.

— Marahaba. Flavian yupi? Nilifundisha kina Flavian wengi.

— Yule wa nyumba ya pale kisimani. Tulihamia mjini.

— Aah. Uliyekuwa unaogopa bata.

Kasesya alishindwa kuvumilia, akainamia simu.

— Mzee, shikamoo. Hivi ni kweli ulisimamisha baiskeli kwa Litania?

— Marahaba. Ilisimama kwenye kichaka cha miiba, mwanangu. Goti hili halijapona hadi leo.

— Na lile lori?

— Lori walilisukuma watoto. Huyo Flavian alipoteza kiatu pale, nikashinda nakitafuta, nisingeweza kumrudisha kwa mama yake na kiatu kimoja. Hajawasimulia?

Benchi lote lilimgeukia Askofu. Askofu alikuwa anafuta macho kwa kiganja, na asingekubali kwamba ni machozi; alisema moshi wa mkaa.

— Flavian, sauti iliendelea, ile kazi ya somo wako je? Nilikungoja uje unieleze, nikaambiwa mmeshahama. Uliifanya?

Kazi yenyewe Flavian hakuwahi kuisahau hata siku moja. Ndiyo sababu alikuwa akiikwepa kila alipoulizwa. Mtafute mtu aliyekosewa, Mwalimu Yusto alimwambia, uende mwenyewe, hata kukiwa na baridi, ukawaombee msamaha waliomkosea. Mtoto wa umri ule angempata wapi mtu wa hivyo? Na baadaye, ukubwani, somo wake amemsimulia kwa watu wote hawa, benchi hili na lile, bila kunyanyua mguu.

— Bado, mwalimu, alisema. Naja kuifanya leo.

— Huku kuna baridi kali.

— Najua, mwalimu. Hata kwa somo wangu ilikuwepo.

Mzee alicheka kidogo upande wa pili, cheko la mtu aliyeelewa, kisha Amos akachukua simu yake.

Flavian alisimama. Kasesya alimshika koti.

— Na halmashauri kesho? Wote wanakungoja.

— Wataniona Jumapili ijayo, nikiwa nimetoka kwake. Nitawaambia tunaye, na anahitaji kuni. Wakinicheka, wanicheke.

Luciana alijaza mfuko mkubwa wa unga wa ulezi, akausindilia, akamfungia kwa kamba.

— Mwambie ni wa Lusia, alisema. Atajua.

Kasesya, baada ya kujipapasa kila mfuko, alivuka hadi duka la jirani akarudi na sukari na kandambili mpya, akasema hizo za mtu mwenye goti bovu. Abdillah alimimina kahawa iliyobaki kwenye chupa ya chai, akaifunga vizuri.

— Na mimi niombee msamaha, alisema. Baba alisimulia habari za mzee yule maisha yake yote, lakini sidhani kama kuna mmoja wetu aliyerudi kumwambia asante.

Sadick alikuwa ameshaingia kwenye Noah, akasogea kumpa nafasi dirishani. Kondakta alimtazama Flavian akipanda na koti lake la sikukuu, unga begani, sukari, chupa, na kifungu cha kuni alichokipitia karakanani kwake, akapunguza sauti ya redio kwa heshima.

— Pole, mzee. Unakwenda msibani?

Flavian alijikalisha, akaweka kuni miguuni, akanyoosha mgongo kama kawaida yake.

— Hapana, mwanangu, alisema, na alisema kwa nguvu ili gari zima lisikie. Nakwenda kumwona mwalimu wangu. Yupo hai.