Bahasha Tano za Mama Kavuo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya hesabu ya chuo chetu hapa Butembo, Mama Kavuo Adèle anastaafu tarehe 30 Juni 2003. Aliingia akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa mtu pekee ambaye kompyuta yetu humtii jenereta ikianza kukohoa.

Wafanyabiashara wanamjua kwa programu yake ya kugawa mizigo kati ya malori. Sehemu ya kutatua milinganyo hakuiandika yeye. Aliipata kwenye disketi, kazi ya mwalimu wa ng'ambo aliyeruhusu kila mtu aitumie. Mwaka 2000, disketi zikikosekana sokoni, Mama alifuta jina la mwalimu huyo pamoja na leseni yake ili programu ienee kwenye disketi moja. Chuo kikauza nakala tano.

Mwaka uliofuata alirudia ile disketi ya kwanza, akaisoma leseni, kamusi mkononi. Kuuza kuliruhusiwa, lakini kila mnunuzi alipaswa kupewa leseni, jina la mwandishi na maandishi yote ya programu. Anayekiuka anapoteza haki ya kuitumia, na wanafunzi wetu waliitegemea kila siku. Tangu hapo Mama hakutulia.

Alichapa kurasa sitini za leseni na maandishi hayo mara tano, akajaza bahasha tano. Mbili alizifikisha hapa mjini, moja Lubero. Kwenye kizuizi cha njia ya Beni, askari aliona alama za hesabu kwenye kurasa, akashtuka, akitaka kujua ni za kundi gani: "Mama, hii maandiko ni ya banani?" Kwa saa tatu Mama alimfundisha mlinganyo mmoja, juani, hadi akampisha. Leo tunacheka. Siku ile, alipokawia kurudi, tulikuwa tumeanza kumlilia.

Maulidi, msafirishaji wa Beni aliyepelekewa bahasha ya nne, alishangaa: "Mais Mama Kavuo, mu hii vita, nani atakuuliza karatasi?"

"Mimi mwenyewe njo nitajiuliza," alijibu, akamtaka atie saini kwamba amepokea.

Bahasha ya tano ni ya Malachie, mnunuzi wa kahawa wa Mutwanga. Barabara ya huko, ambayo baadhi yetu hatujaikanyaga tangu tulipokimbia vita, haipitiki. Mara mbili Mama amerudishwa njiani. Wiki hii amekabidhi funguo zote. Bahasha amekataa kuiacha.

Asante, Mama, kwa kazi yako. Ukapumzike, ulime maharagwe yako, na tafadhali usiondoke kwenda Mutwanga kabla barabara haijafunguka. Jina lako hatutalifuta kwenye mlango wa ofisi. Tunangoja utuletee saini ya Malachie.