Mayu Eufrasia wa Michembe Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Eufrasia Ndaki, Bibi Lishe wetu hapa Bariadi, anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Vijijini wanamwita Mayu, yaani mama. Ofisini tulimwogopa, maana akikukuta na andazi na soda anakuuliza una ugomvi gani na mwili wako.

Kazi yake ilikuwa kufundisha akina mama kuweka akiba ya chakula: majani ya kunde makavu, karanga za uji, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Walimsikiliza vizuri tu, mpaka biashara huria ikaleta wanunuzi wa pamba na malori yao. Weee! Kijiji cha Kasoli waling'oa viazi, wakapanda pamba hadi mlangoni. Mwaka uliofuata mvua ikagoma, na mahindi dukani yakawa hayashikiki kwa bei.

Aliyebaki na chakula ni mwanafunzi wake mmoja, Nyanjige, mjane anayeishi peke yake. Kila mchana moshi ulipanda jikoni kwake tu. Watu wakaanza kusema anafuga misukule, wafu wanaomlimia. Eti jua likifika utosini majembe yanasikika shambani kwake na mtu haonekani. Jirani yake, mzee Bujiku, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na vijana wakaanza kunoa mapanga.

Mayu aliona mjane wa watu anakwenda kuuawa kwa somo alilomfundisha yeye. Akabeba godoro, akahamia kwake. Mchana wa kwanza, wameketi uani wote wawili, naye akayasikia: jembe, kimya, jembe. Alitusimulia bila kupepesa macho. Hakwenda kuchungulia. Alipakua uji wa michembe na karanga, akala hadharani, wapita njia wakimkodolea macho. Akafanya hivyo kila siku, hadi Bujiku mwenyewe alipokuja amembeba mjukuu wake aliyevimba miguu kwa njaa. Mtoto akala, akaomba tena.

Ndipo akina mama wakafuata marando, mashina ya viazi ya kupanda, kwa Nyanjige. Msimu uliofuata moshi ukapanda kila nyumba. Yale majembe, wanasema, siku hizi yanasikika mashamba yote ya Kasoli, na hakuna anayenoa panga.

Mayu anakwenda kuishi huko huko, jirani na Nyanjige, ambaye yu hai na amenenepa. Tulimuuliza atalimaje peke yake na mgongo wake unaouma. Alicheka tu.

Asante sana, Mayu. Tutakukumbuka mno. Uishi vyema, ushibe, na hao wanaokusaidia kulima, kama wapo, nao siku moja wapumzike.