Gramu Mia Tatu na Sita

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, kaka yetu mkubwa amenituma nisome karatasi hii kwa niaba ya familia, na ameniomba nisome polepole na nisitoke nje ya mstari, nami nimeitikia, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba kwangu mimi kutulia ni kazi, na tangu jana miguu yangu haijakubali kukaa mahali pamoja.

Marehemu dada yetu, ambaye karibu ninyi nyote mlimwita Gramu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, mlango wa nne kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba akiwa fundi mitambo na mama mshonaji wa mashati, na mimi kitinda mimba nilikuja miaka saba baadaye, nikabebwa mgongoni kwake zaidi kuliko nilivyobebwa na mama.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya wasichana hadi 1983, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake kwamba ana akili nyingi lakini hatulii, na mwaka huohuo alijiunga na chama cha mbio za kayaki kwenye bwawa la mji, akianza kwa kuosha boti za wengine, mpaka akawa nahodha, na mwaka 1990 akanipandisha mimi kiti cha nyuma, yeye akiwa mbele kunipa mwendo wa kasia.

Hapo karatasi mlizoshika, ukurasa wa pili, zinasema kwamba mwaka 1993 alishiriki mashindano ya kimataifa ya ubingwa, kisha akaacha michezo kwa sababu zake binafsi. Sentensi hiyo nimeirudia usiku kucha na haimezeki. Kaka, naona unanikonyeza, nivumilie, mstari nitaurudia.

Jumapili ya tarehe 12 Septemba 1993, saa tano na dakika ishirini asubuhi, fainali ya kayaki ya wanawake wawili, mita mia tano, dada yangu na mimi tulimaliza wa tatu, tukiwatangulia wa nne kwa sehemu nne za mia ya sekunde, matokeo yakawaka kwenye ubao, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka, halafu afisa mmoja akaielekeza boti yetu kwenye kibanda cha mizani, maana sheria ya mchezo huu ni kwamba boti ya watu wawili isipungue kilo kumi na nane, na iliyo nyepesi hufungwa kipande cha chuma ili ifikie. Yetu ilikuwa nyepesi, chuma chake kilifungwa kwa skrubu mbili chini ya kiti cha nyuma, na siku ile mizani ilisoma kilo kumi na saba na gramu mia saba.

Chuma nilikifungua mimi. Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa nikijiambia kwamba kilikuwa kinagongagonga na kunikera, na kweli kilikuwa kinagonga, lakini ningeweza kukikaza, bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Nilitaka boti ipepee, nikasema moyoni nani atatupima sisi, nikakifunga kwenye taulo na kukitia begini.

Afisa alipouliza nani aliiandaa boti, mimi nilikuwa nimesimama nikichuruzika maji, na dada akajibu kabla pumzi hazijamrudia kwamba boti hiyo anaifunga yeye, spana ni zake, mdogo wake huyu hajui hata skrubu inazungukia upande gani, akatia sahihi. Matokeo yakafutwa, yeye akafungiwa miaka miwili, mimi nikapewa pole. Ndipo likaja jina la Gramu, kwanza la kumcheka, na yeye kwa kiburi chake akaligeuza kuwa lake, akawa anaitikia kabla hujamaliza kuliita.

Sasa narudi kwenye mstari. Mwaka 1994 aliajiriwa ofisi ya vipimo kama mkaguzi wa mizani, na wenye maduka mliopo hapa mnajua jinsi alivyoingia na kile kisanduku chake cha mawe ya kupimia, mkaanza kukohoa na kutafuta leseni, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Gramu alimwonea. Mwaka 1995 mimi nilipata medali ya fedha nikiwa na mwenzangu mwingine, na yeye alisimama pembeni akanishikia mwavuli wakati napigwa picha. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi majokofu, harusi ambayo ilikuwa iwe mwaka mmoja kabla, ila mama mkwe alisema hataki mdanganyifu ndani ya nyumba yake, na mama mkwe, ambaye uko hapa, nakuomba radhi, ulidanganywa, aliyekudanganya ni mimi niliyenyamaza. Wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1998 na wa kiume mwaka 2001, na huyu wa kike aliwahi kurudi kutoka shule na sare imechanika kwa kupigania jina la mama yake, nami ndiye niliyeishona ile sare, nikiwa na sindano mkononi na neno mdomoni, na neno halikutoka.

Machi 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali kuu, na kwa kuwa wagonjwa hao hupimwa uzito kabla na baada, siku ya pili tu alimwambia muuguzi kwamba mizani ya wodi inaongopa kwa gramu mia nne, wakabishana, akaagiza kisanduku chake kutoka ofisini, na mizani ikabadilishwa.

Januari 18 mwaka huu nilimpelekea kile chuma wodini, kimeshinda miaka yote hiyo kwenye kopo langu la sindano, nikalia kama mtoto. Alikipima kwa kiganja, akasema, "Mia tatu na sita." Kisha akasema, "Mimi nilijua siku ileile, mdogo wangu, skrubu nilizikuta kwenye kiatu chako. Kuniambia mimi si kazi. Waambie watu." Nikamwambia nitawaambia. Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na minane, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi yule aliyebishana naye kisha akawa rafiki yake, nawashukuru majirani waliolala nasi chini siku zote hizi, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya vipimo waliombeba leo mabegani. Katibu wa chama cha kayaki, nimekuona umekaa karibu na mlango, ule ubao ukumbini kwenu una mstari unaosema matokeo ya 1993 yalifutwa kwa kosa la nahodha, naomba kesho neno nahodha lifutwe, liandikwe jina langu, herufi zake unazijua.

Wanangu, mama yenu hakuwahi kupunja mtu hata gramu moja. Dada, wewe pumzika, amani ni yako. Hiki chuma narudi nacho mimi, ni changu.